Klachi iliyoganda: shajara ya kuifufua Honda CG 125 ya mjomba

Jumamosi, siku ya kwanza

Imefika leo saa nne asubuhi kwa kirikuu kutoka Hombolo, imelazwa juu ya magunia matupu ya alizeti na kufungwa kamba ya katani kama mbuzi wa mnadani. Dereva kaniambia "kaka hii haisukumiki, tuliibeba watu wanne", nikajua anatafuta hela ya soda. Kumbe kweli, mana walipoipandisha kule ilikuwa kwenye gia na hakuna aliyeweza kuitoa.

Mjomba aliipaki 2018. Mwaka anaukumbuka vizuri kwa sababu ndo ule Dodoma ilitangazwa jiji, mwezi wa nne, na yeye mwezi wa sita akaumia goti akaacha kuendesha. Toka hapo imekaa ghalani, mahindi upande huu, jembe la ng'ombe upande ule, juu bati lenye matundu mawili. Ananiambia kwenye simu "ilikuwa nzima hiyo mpwa wangu, niliizima ikiwa inanguruma". Ndo shida ya pikipiki zilizozimwa zikiwa nzima, kila mtu anaamini bado nzima.

Vipimo vya leo: nimeitoa kwenye gia, niutro inasukumika bila shida, kwa hiyo breki hazijakamata na bearing za tairi ziko poa. Nikaingiza gia ya pili, nikabana klachi mpaka mwisho, nikasukuma, tairi la nyuma likasota kwenye kokoto kama punda amegoma. Klachi imebanwa lakini injini na tairi bado ni kitu kimoja. Nikacheki waya kwanza kabla sijaanza kulaumu vya ndani, mana watu wengi wanafungua injini kumbe waya tu ndo umeoza. Nikaangalia kile kimkono kilicho juu ya kava la kulia, ukibana klachi kinasogea vizuri tu. Nikaupitishia oili waya kwa kufunga nailoni ya ubuyu kwenye mdomo wake nikaujaza, ukalainika. Kwa hiyo waya hauna kesi. Zimegandana pleti, zile sahani za ndani zinazounganisha injini na tairi.

Kitu kingine nimekiona na sijakielewa: kwenye mshikio wa kushoto na kwenye mkono wa klachi kuna alama nyeusi imezunguka, inanata kama jojo iliyotafunwa. Nikakwangua kwa kucha nikaacha.

Jumapili

Kabureta, wese, plagi, betri. Hadithi yake naruka, kila mtu anaijua: wese la zamani linanuka kama rangi, jeti imeziba, unazibua kwa uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli, unarudisha. Oili nimemwaga, imetoka nyeusi na mwishoni imetoka na tone za maji, hilo niliandike mana litarudi baadaye. Nikaweka oili ya bei rahisi kwa muda. Kiki ya thelathini na kitu injini ikawaka, moshi mweupe, jirani akafunga dirisha. Nimefurahi kinoma, injini kwakweli iko vizuri.

Usiku nimekata mpira wa tyubu ya baiskeli nikaufunga mkono wa klachi ubaki umebanwa mpaka kesho. Wazo ni kwamba springi zikiachia mgandamizo usiku kucha, oili inapata pa kupenya katikati ya pleti.

Jumatatu jioni

Haikusaidia. Nimeiweka gia ya tatu, klachi bado imefungwa mpira, nikaitikisa mbele nyuma mbele nyuma dakika kumi mpaka bega likauma. Hakuna kitu.

Jumanne na Jumatano

Hapa nilianza ukaidi wangu, na niseme ukweli kilichokuwa kinanizuia kufungua ni gasketi, ile karatasi ya katikati ya kava na injini inayozuia oili isivuje. Kufungua kava la kulia lazima ununue gasketi mpya, shilingi 3,000 tu, ila kwangu mimi ilikuwa kama kukubali nimeshindwa. Sa nikajaribu njia zote za bila kufungua.

Ya kwanza ni ya joto. Niliiweka stendi ya kati, tairi la nyuma liko hewani, nikaiwasha niutro ikanguruma dakika ishirini mpaka kava likawa halishikiki. Nikaizima, nikaingiza gia ya nne injini ikiwa imezimwa, nikapiga kiki, ikawaka na tairi likaanza kuzunguka. Hapo unabana klachi, unaongeza moto kidogo kwa mkono wa kulia, afu unakanyaga breki ya nyuma kwa ghafla, nia ni tairi lisimame injini iendelee ili pleti ziachane kwa nguvu. Injini ikazima. Nikarudia mara sita, mara sita ikazima. Mke wangu kasimama mlangoni anauliza kwani hiyo pikipiki inaenda wapi mbona kila saa inafika.

Ya pili nimefundishwa na dogo mmoja wa boda hapa Ilazo, Dodoma mjini, ni ya hatari kidogo na mtu asiijaribu barabarani. Unatafuta njia ndefu isiyo na watu, sisi tulitumia ile ya vumbi ya kuelekea mashambani. Injini imewaka iko niutro, unasukumwa mpaka ipate mwendo, afu unapiga gia ya kwanza. Inaruka kama mbuzi na tayari unaenda. Ukishaenda klachi haikusimamishi, kwa hiyo lazima mkono uwe karibu na swichi ya kuzimia muda wote. Ukiwa kwenye mwendo unabana klachi, unafungua moto unafunga, unafungua unafunga, pikipiki inachezacheza shingo. Mzunguko wa tatu, kwenye kamlima kadogo, nikasikia "tk!" chini ya mguu wa kulia na injini ikapiga kelele peke yake. Imeachia! Nikashuka gia nikasimama kama binadamu, nikaondoka, nikasimama tena. Dogo kacheka, nikampa buku mbili ya maji.

Jumatano usiku nimelala nikijiona fundi.

Alhamisi asubuhi

Imeganda tena.

Yani palepale, gia ya pili, bana klachi, sukuma, tairi linasota. Nimetingisha ikaachia kirahisi safari hii, lakini jioni baada ya kukaa saa nane ikawa imenata tena. Hapo ndo nikakumbuka yale matone ya maji. Pleti ikiwa imenata kwa oili iliyokauka tu, ukishaiachanisha ikapata oili ya moto habari imeisha. Ila kama kuna kutu, umeitenganisha tu, kutu iko palepale, inakula ile ngozi ya pleti na usiku inashika upya. Nimenunua gasketi.

Watu wa Dar wananicheka nikisema kutu Dodoma, wanasema huko kwenu hata nguo haimalizi dakika kumi kwenye kamba. Sawa, ila mvua zikija zinakuja kwa hasira, Desemba mpaka Aprili, na bati lina matundu mawili. Afu kuna ile baridi ya Juni na Julai, usiku chuma kinapoa sana, mchana jua linakichemsha, ndani ya injini hewa inaingia inatoka kidogokidogo na unyevu wake unabaki. Zidisha na miaka.

Jumamosi ya pili, siku ya kufungua

Nimeanza saa moja asubuhi kabla upepo haujaamka, mana hapa ikifika saa tano vumbi linaingia mpaka kwenye chai, sembuse injini iliyo wazi. Nimetandika shuka la zamani chini.

Mpangilio: mwaga oili, toa kiki, toa sehemu ya kukanyagia, fungua waya wa klachi kwenye kimkono. Afu bolti za kava, spana namba 8. Bolti hizi hazilingani urefu na ukizichanganya unaweza kutoboa injini au kubana hewa, kwa hiyo nimechukua upande wa boksi la biskuti nikachora umbo la kava na kila bolti nikaichomeka kwenye tundu lake. Fundi wa kijiweni Chang'ombe nilimuona zamani anafanya hivo nikadhani ni madoido. Kava likagoma kutoka, nikaligonga pembeni kwa mpini wa nyundo wa mti, taratibu kuzunguka, usiingize bisibisi katikati hata kama unajaribiwa, uso wa alumini ukikwaruzika oili itavuja milele. Likaachia na gasketi ya zamani ikapasuka vipande, nusu huku nusu kule. Ile pini ndogo ya kuelekeza kava ikadondoka kwenye shuka, nikaitafuta nusu saa. Ziko mbili, hesabu zako.

Kwa mbele kuna chujio la oili la kuzungusha, lile linalokaa kwenye kranki (mhimili mkuu wa injini) na kutupa uchafu pembeni kama mashine ya kukamua asali. Nimelifungua, ndani kuna tope jeusi limeganda kama ugoro. Nikalikwangua kwa kijiti nikaosha kwa mafuta ya taa. Ukishafika hapa usiache kulisafisha, hutafungua tena kesho.

Sa klachi yenyewe. Bolti nne za springi nimezilegeza kwa msalaba, kidogo huku kidogo kule, springi nne zikatoka salama. Nikazisimamisha kwenye kioo zote pamoja, urefu sawa, hakuna iliyochoka. Katikati kuna nati ya mviringo yenye mifereji minne, hiyo haifunguki kwa spana ya kawaida, na usiigonge kwa patasi kama wengine wanavyofanya utakuta vyuma ndani ya oili. Nikaenda kwa mchomeleaji wa jirani na soketi kuukuu, akaichonga kwa grinda ikabaki meno manne, kazi ya dakika kumi, buku tatu. Nikaingiza gia ya juu, mtoto kakanyaga breki ya nyuma, nikavuta. Ikafunguka na mlio kama wa kuvunja mfupa wa kuku.

Mzigo wote ukatoka kwa pamoja. Hapa nilitegemea nitoe pleti moja moja, ila zimetoka kama chapati zilizolala kwenye hotpoti usiku kucha zikashikana, unavuta ya juu zinakuja zote. Pleti tano za msuguano, zile zenye ngozi, na nne za chuma tupu katikati yake. Nikapitisha kisu chembamba cha kupakia siagi ubavuni, kuzunguka, bila kukikunja, ikaachia ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ilikataa, nikaiacha kwenye kopo la mafuta ya taa nikaenda kunywa chai.

Nilivyorudi nikazipanga juani, na hapo ndo nimeelewa kila kitu. Kila pleti ya chuma ina picha ileile: theluthi ya chini inang'aa, safi kabisa, afu kuna mstari kama wa maji ya bwawa yalipoishia, na juu ya mstari kutu ya rangi ya udongo wa Kongwa. Injini ikizimwa oili yote inashuka chini. Sehemu ya klachi iliyozama kwenye oili imelindwa miaka yote hiyo, iliyobaki hewani imekaa inabanwa na springi nne mchana na usiku, chuma kinapata kutu, kutu inaota ndani ya ngozi ya pleti ya jirani. Oili ya moto nilikuwa naimwagia isipohitajika.

Pleti mbili za msuguano ngozi imebanduka vipande wakati natenganisha, na nina uhakika nusu ya ule uharibifu ni wa Jumanne na Jumatano, ile "tk!" niliyoifurahia ndo ilikuwa sauti ya kubanduka. Zilizobaki nimepima unene kwa venia (rula ya vipimo vidogo) ya kuazima, zinacheza kwenye milimita 2.8, zingefaa. Ila huwezi kuchanganya, nimenunua seti mpya 18,000 mjini. Hesabu ya gasketi yangu sa ifanyeni wenyewe.

Za chuma sikununua. Nimeweka msasa wa maji namba 400 juu ya kioo cha dirisha, tone za mafuta ya taa, nikasugua kila pleti kwa kuzungusha kama unasaga karanga, pande zote mbili, mpaka kutu ikaisha na uso ukawa na mwanga wa kijivu. Kioo kinakupa na faida ingine: pleti iliyopinda ikikaa juu yake inacheza, ukibonyeza upande mmoja upande wa pili unanyanyuka. Zote nne zimelala. Mapengo ya nyumba ya klachi, lile bakuli linalobeba pleti, pia nimeyapitisha kidole, kukiwa na vidonda vya meno pleti zinakwama pale na klachi inaganda hata kama kila kitu ni kipya. Vipo viwili vidogo, nimevilainisha kwa tupa.

Jumamosi usiku

Pleti mpya zinalala kwenye kopo la rangi lenye oili safi. Ukizifunga kavu zinaungua siku ya kwanza.

Oili yenyewe ilikuwa kesi dukani. Muuzaji kanipa ya gari, mpya, ya bei, kaniambia hii ndo bora zaidi. Pikipiki kama hii klachi yake inaoga kwenye oili ileile ya injini, na oili nyingi za kisasa za magari madogo zimewekewa dawa ya kupunguza msuguano ili gari lile mafuta kidogo. Msuguano ndo kazi ya klachi. Angalia kopo kama limeandikwa JASO MA au MA2, hicho ni kipimo cha Kijapani cha oili zinazofaa klachi ya kuoga. MB achana nayo, hiyo ni ya skuta. Kanijibu "mbona boda wote wanaweka tu". Sikubishana, nimechukua yenye MA, lita moja inatosha na inabaki kidogo.

Jumapili

Kufunga. Pleti ya msuguano inaanza, chuma, msuguano, chuma, na msuguano inamaliza. Nimerudisha nati, springi, bolti kwa msalaba, nikajisifu, nikaweka gia nikasukuma bila kubana klachi. Pikipiki ikaenda tu kama iko niutro! Sa imegeuka, mwanzo haiachii, saivi haishiki kabisa.

Nikakaa chini nikawaza kuuza. Afu nikafungua tena, na tatizo lilikuwa dogo: pleti moja haikuingia kwenye meno ya habu (kile kitovu cha katikati), imekaa juu ya ukingo wake, kwa hiyo springi zinasukuma ukingo badala ya kubana mzigo. Kwa macho huoni. Dawa yake ni kubana mzigo wote kwa vidole kabla ya kuweka springi na kujaribu kuzungusha, ukiona kuna upenyo wa kucha jua kuna mmoja hajaingia nyumbani. Nilitingisha ukasikika "klik" ukalala.

Gasketi mpya, pini mbili, bolti kutoka kwenye boksi la biskuti, oili. Waya nimeacha ucheze kama sentimita moja na nusu kwenye ncha ya mkono kabla haujaanza kuvuta. Gia ya pili, bana, sukuma: ikateleza kimya kimya. Achia: ikakamata. Nimefanya hivo mara ishirini kama mtoto na swichi ya taa.

Jumatatu, Jumanne, Jumatano

Kila asubuhi kabla ya kazi nabana na kusukuma. Haijaganda. Haivuji.

Jumamosi ya tatu, Hombolo

Nimetoka saa kumi na mbili, nikapita Ihumwa, barabara ya vumbi sijazidisha hamsini. Klachi laini, kwenye kupanda haitelezi. Bwawa limeonekana saa moja na kitu, watoto wanavua.

Mjomba alikuwa chini ya mkwaju na redio. Nikamsalimia Kigogo, "Mbukwenyi mjomba." "Mbukwa, mbukwa. Hiyo ni yangu?" Hakusimama, goti, ila kaniambia izime afu iwashe, izime afu iwashe. Nikamueleza yote, kutu, chapati, nati ya meno manne. Akanisikiliza kwa uvumilivu wa wazee afu akaniuliza, "Mpira wangu ulikuwepo?"

Mpira gani?

"Nilifunga mpira wa tyubu kwenye mkono wa klachi siku naipaki. Usiku ule ule. Ili pleti zisibanwe."

Ile alama nyeusi kwenye mshikio! Nikamuonyesha. Akaipapasa kwa kidole gumba, akageuka taratibu kuelekea nyuma ya ghala ambako wajukuu watatu walikuwa wananyatia njiwa, na mkubwa wao ana manati shingoni. Huyo 2018 alikuwa hajazaliwa au ndo anatambaa, kwa hiyo kesi ikahamia kwa baba yake, binamu yangu, ambaye kwa umri ule alikuwa mtu mzima kabisa na alikuja kukubali wakati wa ugali kwamba ni yeye, alikuwa anafukuza kwelea kwenye uwele, mpira mzuri ulikuwa ule peke yake.

Mjomba kanyamaza. Akamega tonge, akachovya kwenye mlenda, akasema tyubu ya baiskeli iko chini ya kitanda, nikimaliza kula nikate vipande viwili, kimoja cha klachi na kimoja cha binamu yangu.